Umemjibu Nini Mpishi wa Makau?

Makau, 9 Februari 1977

Dada yangu Moinafouraha,

Shikamoo. Natumai karatasi hii itakukuta wewe na mama wazima. Mimi mzima, ila baridi ya huku inauma masikio. Nakuandikia kwa Kiswahili cha Koko, bibi yetu aliyetulea Unguja, maana kwenye meli barua za Kifaransa kila mtu huzisoma.

Meli yetu inapakua Hong Kong, nami nikapanda feri kuja kuutazama mji wa Makau. Mdogo! Unauzunguka kwa miguu asubuhi moja. Wachina na Wareno wameishi humu pamoja miaka mia nne, na majina ya vichochoro yameandikwa juu ya vigae kwa lugha zote mbili. Nimepanda ngazi hadi kwenye kanisa lililoungua zamani, likabaki ukuta wa mbele tu, umesimama peke yake na masanamu yake. Chini kuna hekalu la mlinzi wa mabaharia, limejaa moshi wa udi. Mchana nimekula kuku wanayemwita "kuku wa Kiafrika", wa nazi na pilipili. Mpishi akatoka jikoni kuniuliza natoka wapi. Tulicheka sana.

Mdogo wako,
Toihir

Mutsamudu, 3 Aprili 1977

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo, goti tu linamsumbua. Barua yako nimewasomea majirani mara mbili.

Vichochoro unavyovisifu, vya kwetu hukuviona? Hapa mtu mnene hupita kiubavu. Na huyo kuku, nani alimchinja? Hilo ni lako na Mola wako. Ninalouliza mimi ni moja: umemjibu nini mpishi?

Dada yako

Hong Kong, 20 Juni 1977

Dada, shikamoo.

Nimemjibu kuwa mimi Mfaransa. Karatasi zangu ni za Kifaransa, na ningesema Komori angeniuliza ndiyo wapi, nami nilikuwa na njaa. Mabaharia wenzangu wa Komori wote husema hivyo. Usinikasirikie.

Mdogo wako

Moroni, 11 Oktoba 1977

Toihir,

Mama anakusalimu. Kuku wa watu amejiita Mwafrika, wewe mwenye ulimi ukajiita Mfaransa! Siku tulipopata uhuru mama alicheza barabarani na goti lake hilo hilo. Nimeona haya kumwambia.

Basi nimevuka kuja Moroni kukutafutia pasipoti. Serikali imewaachisha kazi makarani, ofisini wamejaa vijana. Niliyemkuta mezani ni Housna, niliyemfundisha kusoma mwenyewe! Ameipiga chapa kwa vidole viwili, jina lako limekwenda upande. Picha ni ile ya Idi uliyopigwa umevaa kofia. Pasipoti imo humu ndani ya bahasha. Hutaki, irudishe, nami nitajua nina ndugu wa wapi.

Dada yako

Hong Kong, 16 Januari 1978

Dada yangu, shikamoo, na mama nambusu mkono.

Karatasi za Kifaransa nimezirudisha kwa wenyewe. Jana nikaenda Makau na wenzangu wa melini, mkononi pasipoti uliyonipa, sina nyingine. Ofisa wa bandarini, Mreno mwenye miwani, akaigeuzageuza. Akafungua orodha ya nchi za dunia, akateremsha kidole mpaka chini. Hatumo. Akanionyesha benchi.

Nimekaa hapo tangu saa tatu hadi alasiri. Wenzangu wananiambia, "Sema Mfaransa, yaishe!" Dada, niliogopa. Wangenirudisha, na Hong Kong nako wangenikataa, meli ingeniacha. Lakini neno lile halikunitoka tena.

Mwisho nikamwendea, nikaomba kalamu, nikamchorea visiwa vinne. Kwenye kimoja nikaandika Mutsamudu, nikamwambia: hapa dada yangu anafundisha. Akaugeuza mchoro upande wake, akausoma. Akapiga muhuri, ukurasa wa kwanza kabisa. Kisha akaivuta ile orodha yake, akaandika jina la Komori kwa mkono, pembeni.

Atakayekuja nyuma yangu atalikuta.

Ndugu yako wa Mutsamudu,
Toihir