Hatua Kumi Kutoka Mtoni

Mji wa Kale, Mombasa
Jumapili, baada ya ibada

Kwa kaka yangu Kaingu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kisiwani, wewe na wifi Wanza na watoto. Naomba barua hii iwakute wazima, na kile kikohozi cha wifi kiwe kimekwisha. Mimi mwili hauna neno. Najua utashangaa kuona barua ilhali simu ninayo. Mwezi huu nimekupigia mara tatu nikiwa na jambo la kukwambia, na mara zote tatu tumeishia kwenye habari za mvua. Ndiyo maana leo nimekaa na kalamu.

Bado napanga chumba kile cha juu kwa Bi Mwanakuu. Ni mama mwema, ila koti langu la kazi haliruhusu kuingia ndani; asema lanuka dawa, basi huning'inia barazani kama mgeni asiyekaribishwa. Jioni hupika chakula cha mtu mmoja, na hata hicho hubaki. Juzi alipanda ngazi na sahani ya mbaazi na mahamri, akanikuta nakula huku nimesimama dirishani. Akaniuliza, "Mwanangu, mbona wala pekeyo? Huna jamaa?" Nikamwambia ninaye kaka. Akauliza mbona haji. Nikasema ana shughuli za shamba. Jumapili, nikitoka kanisani, hutembea hadi Kizingo na kurudi, mitaa mizima ya majumba yenye bustani, bila mtu wa kuniuliza natoka wapi. Nina upweke, kaka. Naomba usinicheke, maana wewe ndiwe uliyenitabiria kwamba mji utanimaliza maneno.

Kazi ni ile ile. Nawazungukia wakulima wanaokiuzia kiwanda miwa, nawakagua, nawafundisha kuvaa glavu, kuandika tarehe ya kila dawa waliyonyunyiza, na kusuuza mtungi mtupu mara tatu kisha kuutoboa ili asitokee mtu akaugeuza wa maji ya kunywa. Mitungi iliyotobolewa nairudisha ghalani Shimanzi. Nyumbani nako nilifundisha, unakumbuka. Siku ile pale kanisani ulikaa mstari wa mbele ukiwaambia watu huyu ni mdogo wangu, miwa yangu ndiyo iliyomsomesha. Nilikuwa na haya, lakini nilifurahi hadi nikasahau nusu ya somo. Tulishuka pamoja mtoni, tukapima hatua kumi kutoka majini, nikachomeka vigingi vyeupe. Tukakubaliana kwamba chini ya vigingi hakulimwi wala hakupigwi dawa, paachwe nyasi zichuje maji, kwa kuwa watu wa bondeni wanayachota yale yale.

Sasa nije kwenye lililotufikisha hapa. Mwaka jana kiwanda kilipokataa miwa yako kwa msimu mzima, uliambiwa kwamba kuna ripoti juu ya shamba lako. Ukasema hakuna awezaye kuliona shamba lako lote isipokuwa Mzee Mung'aro, ambaye lake liko ng'ambo ya mto. Mkaacha kusemezana, nyinyi mliokuwa mkialikana kulima kwa zamu tangu Baba akiwa hai. Mwezi wa pili mwaka huu mkewe, Everlyne, akafariki. Wifi aliniambia kwa siri kwamba hukuvuka kwenda matangani, na kwamba ulimzuia hata kupeleka kibaba cha unga. Aliniambia huku akilia. Everlyne ndiye aliyemzalisha mtoto wenu wa kwanza, mvua ikinyesha na njia haipitiki.

Wiki mbili zilizopita msiba ulitokea mtaani kwetu. Alifariki Mzee Zakariya, fundi wa milango. Mwenzake wa karakana, Jaffar, hakuwa akisema naye kwa miaka saba. Walipopishana kichochoroni kila mmoja alitazama ukuta wake. Lakini asubuhi ya mazishi nilimwona Jaffar kwa macho yangu yuko mbele ya jeneza, bega limeelemewa, analia kama mtoto. Nilimuuliza Bi Mwanakuu walipatana lini. Akasema hawakupatana, ila ugomvi huachwa mlangoni mwa maiti. Kisha akanitazama na kusema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Alikuwa akimsema Jaffar. Mimi nilipanda juu nikajifungia.

Kaka, si Mung'aro. Ni mimi.

Nilikuja kukagua siku uliyokuwa umekwenda sokoni. Miwa ilikuwa imefika ukingoni kabisa, nyasi zote zimekauka kwa dawa hadi kwenye maji, na vigingi vyangu viwili umevifungia mbuzi. Chini kidogo, wanawake walikuwa wakichota maji. Nililia, kisha nikajaza fomu, nikaandika jina lako, nikatia sahihi. Kwa hilo sikuombi radhi. Ningeandika tena.

Ninachoomba radhi ni hiki. Uliponipigia ukauliza kama ni Mung'aro, nilijua unachouliza, nikakujibu, "Mwenye macho haambiwi tazama." Nilikuogopa. Niliogopa kukosa hata hizo habari za mvua. Nikamtwika mzee asiye na kosa mzigo wangu, naye amemzika mkewe akiubeba.

Matanga ya mwisho ya Everlyne ni Jumamosi ijayo. Vuka, kaka. Mpelekee Mzee Mung'aro barua hii, na kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri, msomee yote, usiruke pale ninapoonekana mbaya. Kuhusu shamba, nimewaambia wakubwa wangu kwamba wewe ni ndugu yangu. Kwa hiyo atakayekuja kukagua sasa si mimi, ni mwenzangu Sufyan. Rudisha vigingi, acha nyasi ziote, naye ataandika atakachokiona.

Mimi nitakuja Jumamosi hiyo. Nitafikia kwa Mzee Mung'aro kwanza, nimpigie magoti. Kutoka uani kwake mlango wako unaonekana. Nitakaa pale mpaka jua litue. Ukiniita nitavuka, na usiponiita nitajua.

Nisalimie wifi, nibusie watoto, na wasalimie wote wanaoniulizia.

Ni mimi mdogo wako uliyenisomesha,
Naomi