Kurasa za Wakati Ujao Nilizokuficha

Mdogo wangu Salome,

Naandika nikiwa nimelala, mwandiko utauvumilia. Daktari wa Singida Mjini ameniambia nirudi nyumbani Mwankoko nikapumzike, nami nimeelewa anachomaanisha.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipura alizeti uani, wewe na fimbo yako, mimi na kitabu cha Kiingereza? Ulikuwa unajiandaa kwa usaili wa chuo cha uuguzi. Kila pigo sentensi moja: jana nilipika, leo ninapika. Mama, aliyelala ndani amepooza upande mmoja, alicheka akisema tunamsomesha na yeye.

Siku moja ukakifungua kitabu mwenyewe.

"Kaka, mbona baada ya ukurasa wa arobaini unakuja wa hamsini na tatu?"

"Panya," nikasema.

Ukatazama yaliyomo. "Basi panya wa nyumba hii ni wasomi. Jana na leo wameziacha, wamekula wakati ujao tu!"

Hakukuwa na panya. Kurasa hizo nilizichana mimi, nikawashia moto wa uji wa mama. Nilikuwa nimeshapata kazi ya ualimu, na niliogopa ukiondoka nitabaki na ndoo na mashuka yake. Kwenye usaili wakakuuliza kwa Kiingereza ukihitimu unakusudia kufanya nini. Ulirudi ukaniambia, "Nilikuwa nayo yote kichwani, kaka. Mdomo ukagoma." Nikakupa pole, nikaenda kuoga.

Ulimuuguza mama hadi mwisho, ukaolewa kule Mkiwa, ukauza vitunguu kwa wasafiri. Sisemi maisha yako yaliharibika. Sina haki ya kuyapima. Lakini miaka yote niliyofundisha Kiingereza, kila darasa lilipofika kwenye sura ile niliwauliza watoto wa watu: mnakusudia nini? Rubani. Hakimu. Mwenye duka la baiskeli. Nimesahihisha mipango ya mamia ya watoto, wako siujui.

Siku hizi nalala nikiuwaza. Ulitaka wodi ya wazazi? Ungerudi kwetu, au ungeendelea mbele, hata kupanda treni tu uone inakoishia?

Kunisamehe ni juu yako, na wala usiharakishe. Ila hili moja nakuomba mapema: mwambie mwanao anipigie, ukae karibu na simu. Sema kwa Kinyaturu chetu, sema kwa lugha yoyote. Ulikusudia nini, Salome?

Ni mimi kaka yako,
niliyepaswa kukuuliza kabla ya wote.