Titi Hili Halikatwi

Jumatatu, 4 Agosti

Zahanati tena. Sista amevuta shashi ya jana kutoka kwenye shimo, akamwaga maji ya chumvi, akajaza nyingine. Nimeuma leso. Shimo liko upande wa chini wa titi la kushoto na kidole cha sista kinazama. Kutoka hapo nimeenda shambani kupalilia maharagwe kwa mkono mmoja.

Ugonjwa wenyewe una jina refu la Kiingereza. Sio saratani wala TB. Walikata kipande, wakakipima mara mbili. Ni titi tu limeamua kuvimba, kupasuka na kutoa usaha. Likifunga huku, linafumuka kule. Mwaka wa pili huu. Nauita mpangaji, maana halipi na hahami.

Kanisani bado wananiombea nipone saratani. Nimewaambia sina. Wananishika mkono kwa huruma. Inaniudhi sana.

Jumatano, 6 Agosti

Embu, kwa daktari wa upasuaji. Uso wangu umefura kwa sababu ya vidonge. Askari wa getini kasema nimenona.

Daktari amebonyeza, ameandika. Kidonda kisafishwe kila siku, mpaka ndani. Kikioza tena kama Aprili, ataondoa titi lote. Nirudi mwisho wa mwezi. Alisema kama mtu anayezungumzia jino. Nikamwambia halitoki. Akatabasamu. Mimi sikutabasamu.

Nina miaka thelathini na tisa. Nimelea watoto watatu kwa titi hili. Nalitaka. Sihitaji sababu nyingine.

Ijumaa, 8 Agosti

Wauguzi wamegoma. Zahanati ina kufuli. Kliniki ya sokoni ndiyo ile iliyonifunga juu juu tu mwezi wa Aprili, usaha ukabaki ndani. Siendi.

Nimejaribu mwenyewe kwa kioo. Mkono mmoja uinue titi, mwingine ushike kioo, wa kusafisha utoke wapi? Baba Mutwiri akajitolea. Mume wangu huyu huchinja mbuzi wa harusi zote za hapa Kanyakine. Alivuta shashi, akaona, akaanguka kati ya kitanda na kabati. Nimemmwagia maji yote ya chumvi niliyokuwa nimechemsha.

Jumamosi, 9 Agosti

Kidonda kimeanza kunuka. Nina homa kidogo. Naogopa.

Mwanangu Mutwiri yuko nyumbani, likizo. Mwaka wa tatu wa uuguzi kule Embu. Huko hufunga vidonda vya watu asiowajua hata majina. Lakini ametahiriwa, na kwetu Meru mwana akishatahiriwa haingii chumba cha mama yake. Na mama akimwonyesha mwanawe titi, amemlaani. Hakuna laana kubwa kuliko hiyo. Nimekua nikijua hivyo.

Nimemwomba hata hivyo. Alisimama nje ya mlango, macho kwenye migomba. "Mum, hiyo siwezi. Niambie kitu ingine yoyote." Akaenda chumba chake cha nje.

Nimelia kwa hasira. Kwa hivyo mgeni alikate, mradi desturi ibaki nzima.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda kanisani. Mama mkwe alipita baada ya ibada, nikamwuliza mbele ya mwanawe na mjukuu wake. Mama, laana iko kwenye titi au kwenye hasira ya mwenye titi?

Aliweka kikombe cha chai chini. "Mama hulaani akiwa na uchungu na mtoto," akasema. "Wewe, Mama Mutwiri, uko na uchungu na yeye?"

Nikasema jana nilikuwa nao, leo sina. Ilikuwa karibu na kweli.

Akamwita Mutwiri, akafungua viganja vyake, akavitemea mate ya baraka kama wazee wetu wanavyobariki. Akasema kwa Kimeru mikono hiyo iende ikatibu. Mutwiri akaangalia viganja.

"Asante, Shosho. Sasa itabidi nioshe na sabuni."

Mama mkwe alicheka mpaka akashika kiti.

Mutwiri akaingia chumbani kwangu. Mama mkwe akaketi kitandani, shahidi. Nikafungua blauzi. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Mutwiri alivaa glavu, hapo akawa muuguzi. Alinigombeza kwa kukaa na shashi chafu. Usaha ulitoka mwingi. Niliita majina ya watakatifu wote, hata wa makanisa mengine.

Jumanne, 19 Agosti

Homa imekwisha. Mutwiri hubisha hodi kila asubuhi, tayari ameosha mikono. Tunazungumza habari za mpira na bei ya ndizi. Mpira siuelewi.

Habari zimefika kanisani. Mwenyekiti wa akina mama amekuja kunishauri, kwamba watu wanasema. Nimempa chai. Nikamwambia kama anaona vibaya, kesho aje afunge yeye, glavu ziko. Ameimaliza chai haraka.

Ijumaa, 29 Agosti

Embu. Shimo limejaa nyama nyekundu, safi. Hakuna usaha. Daktari hakati. Kasema ugonjwa huu hujirudia, nisijidanganye. Sijidanganyi.

Akauliza nani alikuwa akifunga. Nikasema mwanangu wa kiume. Aliinua kichwa akanitazama. Yeye pia ni wa huku, anajua. Akaendelea kuandika.

Nimepita sokoni nikanunua sidiria mpya, ya kwanza tangu niugue. Titi la kushoto limekuwa dogo kuliko la kulia. Sidiria ya namna hiyo hawauzi. Nimechukua nyekundu, nitajaza pamba.

Jumapili, 31 Agosti

Mgomo umekwisha. Mutwiri amerudi chuoni leo.

Asubuhi nikioga nimepapasa kivimbe kipya, juu, karibu na kwapa la kushoto. Kigumu, kinauma. Nilikaa kidogo kwenye ndoo. Kisha nikamwita, nikamwonyesha. Alikibonyeza kwa vidole viwili, akasema niende zahanati kesho mapema. Nikasema nitaenda. Na nitaenda.

Pale mlangoni, begi begani, majirani wakipita kutoka kanisani, alinikumbatia. Hajawahi tangu atahiriwe. Alizunguka kwanza upande wa kulia, asiniumize.

Nimemwangalia mpaka barabarani. Halafu nimeosha vikombe.