Vyuma vya Nyongani

Shoga, nimetoka kupigwa picha ya nyonga. Nimekaa kwenye ngazi za hospitali, nalia kama mtoto.

Vyuma vya ile operesheni ya utotoni bado vimo! Daktari ananiuliza, "Mbona hukurudi kutolewa?" Vilitakiwa kutolewa baada ya mwaka mmoja. MMOJA! Sasa mfupa umevifunika.

Nikampigia mama. Nikamuuliza. Eti, "Nilijua, mwanangu. Lakini ulikuwa umeanza kukimbia. Sikuwa na moyo wa kukurudisha ukapasuliwe tena."

Alijua!!

Miaka ishirini na mbili nyonga inaniuma, ananiambia ni baridi tu. Ananikanda kwa maji ya moto, ananipa pole, na anajua.

Nimemkatia simu. Anapiga tena na tena. Nikipokea nitamtukana mama yangu mzazi, ndiyo maana nakuandikia wewe.