Sentimita Tatu

4 Februari

Kwa baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama, na kwamba goti la mama limeacha kumsumbua kwenye ngazi. Mimi huku sijambo, nakula, nalala, naenda kazini. Ningepiga simu, lakini simu na masikio yako yaliyosikia nyundo miaka arobaini haviivi chungu kimoja.

Baba, nina habari, kaa kwanza. Gari nimelishusha.

Ndiyo, hili hili langu dogo la kila siku, ninalozunguka nalo zahanati nne kila asubuhi kukusanya masanduku ya damu na kuyapeleka maabara. Nimenunua springi nne fupi, zilizotengenezwa kwa gari la aina hii, sikukata za zamani kwa msumeno kama wahuni. Nimezifunga mwenyewe Jumamosi, uani kwa mwenye nyumba wangu, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi. Peke yangu! Mwenye nyumba alitoa kiti nje akakaa kunitazama kama anaangalia mpira.

Utauliza kwa nini. Barabara ya zahanati ya tatu ina kona saba, na kila kona gari lilikuwa linalala upande, masanduku yanahamia siti ya pili. Na nikuambie ukweli wote, lilikuwa linanikera macho. Ile nafasi kati ya tairi na fenda, ngumi yangu ilikuwa inaingia na kucheza humo. Sasa ungeliona! Limekaa chini kama kuku anayelalia mayai. Jana dereva wa zahanati ya pili amelizunguka mara mbili akaniuliza fundi wangu ni nani. Nikamwambia umesimama naye.

Lile jingine unalijua. Mwezi wa kumi na mbili ulisema utamuuzia karakana yako yule mwenye ghala la saruji, kwa sababu hakuna mtoto wako anayeiweza kazi. Kaka hataki hata kugusa grisi, sawa. Lakini mimi niliposema nitaichukua, ulicheka. Mama naye akacheka kwa kukufuata. Nakuomba usitie saini bado. Tazama kwanza mikono yangu imefanya nini.

Mwanao,
Nati


15 Februari

Mwanangu Nati,

Marahaba. Hatujambo. Goti la mama yako ni afadhali, na anasema umekonda, sijui amekuonea wapi. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili ni kwa sababu sikuamini ya kwanza.

Sasa wewe mtoto una akili timamu? Gari la kazi halichezewi! Maisha yangu yote nimepandisha magari. Malori yaliyolemewa mpaka tumbo linagusa lami, wenyewe wananililia niwanyooshee springi yanyanyuke. Halafu mwanangu wa kumzaa anatoa fedha yake ili la kwake lishuke! Nimemsimulia fundi betri hapa jirani, amecheka mpaka akashika ukuta. Anauliza matuta utayapita vipi, au utakuwa unalibeba.

Haya. Mimi si mtu wa kuhukumu bila kupima. Niletee vipimo. Gari liwe mahali palipo sawa, pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa fenda, pembe zote nne, kabla na baada. Kama hukupima kabla, usipoteze stempu.

Mwenye saruji anakuja na karatasi zake mwisho wa mwezi wa nne. Sitaki kukuvunja moyo, lakini sitaki pia kukudanganya. Kupenda harufu ya karakana ni jambo moja, kuwa fundi ni jambo lingine. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaokota nati sakafuni, ndipo tukakuita hivyo, lakini kuokota si kufunga. Natumaini angalau ulikumbuka ninalowapigia kelele wote wanaofanya kazi chini yangu: gari haliteremki kwenye jeki mpaka kila nati imekazwa.

Baba yako


26 Februari

Kwa baba,

Shikamoo. Nashukuru goti la mama ni afadhali. Mwambie sijakonda, ni ile picha ya mwaka jana ndiyo mbaya.

Kuhusu kupima kabla, unadhani mimi binti wa nani? Hivi hapa. Kabla: mbele sentimita thelathini na nane kila upande, nyuma thelathini na saba na nusu kila upande. Na si hivyo tu. Kabla sijanunua springi nilikwenda na rula nikapima matuta yote kumi na mawili ya njia yangu. Mlinzi wa zahanati ya nne akaniuliza kama nimetumwa na serikali. Tuta la juu kuliko yote ndilo lililoniambia nisizidi sentimita tatu, nami sikuzidi. Mpaka leo sijagusa hata moja. Mwambie fundi betri.

Masanduku nayo yanakaa pale nilipoyaweka. Kona zote saba.

Sasa baada. Mbele ni thelathini na tano kila upande, yaani tatu kamili kama ilivyoandikwa kwenye boksi la springi. Nyuma ni thelathini na tano na nusu. Yaani limeshuka mbili tu, pande zote mbili. Nimepima mara sita, tena baada ya kuliendesha wiki tatu nikitumai litakaa. Halijakaa. Na nikipita tuta nyuma kunalia, kama mlango uliokosa mafuta.

Ningeweza kukuandikia thelathini na nne na nusu, wala usingejua. Nilishika kalamu nikalifikiria hilo, sikatai. Lakini umeomba vipimo, hivi ndivyo vipimo.

Mwanao,
Nati


6 Machi

Mwanangu Nati,

Marahaba. Sisi wazima.

Nianze na kinachostahili sifa. Vipimo vyako ni safi, na miaka yote hii sijaona fundi aliyekwenda kupima tuta kabla ya kununua springi. Fundi betri nimemsomea, amerudi kwenye betri zake.

Lakini tatizo liko wazi kama jua la saa sita. Umeuziwa springi za nyuma za gari lingine. Za mbele ni zenyewe, za nyuma ni ngumu kupita kiasi, ndiyo maana gari linakataa kukaa na linalia. Hawa wauzaji wanajua kumsoma mteja. Zitoe, rudisha zile za zamani, mbele na nyuma, uendelee na kazi yako salama. Kila siku unabeba damu za watu, si maboga.

Usijisikie vibaya. Umejaribu, na umejaribu vizuri kuliko nilivyofikiri. Lakini ndicho nilichokuwa nasema: fundi anaijua springi kwa kuishika, haangalii boksi. Hilo halipatikani kwa Jumamosi moja. Rudisha za zamani, nami nimalizane na mwenye saruji kwa amani, tusilizungumze tena.

Baba yako


21 Machi

Kwa baba yangu,

Shikamoo. Hali zenu? Mimi mzima, ila barua yako iliniumiza. Nililia, sitaki kuficha. Kisha nikanawa uso nikaenda kutafuta jeki.

Nimezitoa springi za nyuma kama ulivyosema. Lakini kabla ya kurudisha za zamani niliziweka mezani, nikahesabu mizunguko, nikapima unene wa chuma, nikasoma namba zilizogongwa juu yake. Nikazipeleka kwa muuzaji mwingine, asiyenijua, akafungua kitabu chake. Baba, ni zenyewe kabisa. Hazina kosa.

Basi nikazirudisha hizo hizo fupi, nikalala chini ya gari na tochi nikitafuta kinachoizuia nyuma isishuke. Nikakiona. Ni bushi, ile mipira inayoshika mikono ya chuma ya magurudumu ya nyuma, bolti linapopita katikati. Zote zilikuwa zimejinyonga kama nguo inayokamuliwa.

Ile Jumamosi nilikuwa nimekaza kila nati gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Kama ulivyonifundisha. Mtu mwingine yeyote angeacha kitu kimoja kikiwa kimelegea kwa uvivu, mimi sikuacha hata kimoja, kwa sababu nilikuwa nasikia sauti yako kichwani. Kwenye malori yako bushi ni za shaba na zina grisi, zinazunguka zitakavyo, kwa hiyo ukikaza juu au chini ni sawa. Gari dogo halina shaba, lina mpira. Ukikaza bolti, mpira umeshikwa pale pale. Ukiukaza gari likiwa linaning'inia, mpira unataka kubaki kule kwenye kuning'inia, na ukiteremsha gari unaanza kulisukuma lirudi juu. Kila tuta unajinyonga na kulia, mpaka uchanike.

Nikaweka mbao nene chini ya magurudumu yote manne, gari likasimama kwa uzito wake. Nikaingia chini, nikalegeza mabolti ya nyuma moja moja. Baba! Lilishuka lenyewe. Taratibu, kama mtu aliyevuliwa mzigo. Nikakaza upya hapo hapo lilipokaa, nikatoka na rula. Thelathini na nne na nusu. Thelathini na nne na nusu! Nilipiga kelele mwenye nyumba akatoka mbio na ndoo ya maji akidhani kumewaka moto. Mbele sikuwa nimegusa bolti za bushi, ndiyo maana kulishuka sawa, na sasa hakuna kinacholia.

Sijui nimalizie vipi bila kukukosea heshima. Kanuni ile ni yako na nimekua nayo. Kwa malori ni kweli. Kwa magari madogo si kweli, baba, na siku hizi hapo karakana unapokea magari madogo pia. Ningenyamaza ungebaki na raha yako. Lakini ninaona fahari mno, siwezi kunyamaza, na nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua.

Mwanao,
Nati


18 Aprili

Kwa baba,

Shikamoo. Mnaendeleaje? Ni wiki nne sasa na sijapata hata mstari mmoja. Mama naye nikimpigia anasema baba yako yuko karakana, kisha anabadilisha mazungumzo kuwa nimekula nini.

Kama nimekuudhi, nisamehe kwa namna nilivyosema. Nilichosema siwezi kukifuta, kwa sababu nimekipima. Mwisho wa mwezi umekaribia na sitakuomba tena kuhusu yule mwenye saruji. Fanya unavyoona. Ila niandikie, hata ukinigombeza.

Mwanao,
Nati


3 Mei

Mwanangu Nati,

Marahaba, tena marahaba mara nyingi, maana salamu zako zimenirundikia. Nisamehe kwa kimya. Mama yako nilimkataza asiseme, nilitaka kusema mwenyewe, na sikutaka kusema kabla sijamaliza.

Siku mbili za kwanza niliudhika. Nani huyu wa kunifundisha kukaza nati? Sikula vizuri, muulize mama yako. Siku ya tatu nikaanza kukumbuka. Magari madogo niliyoyafanyia kazi yalikuwa yanarudi kabla ya mwaka kuisha, bushi zimechanika. Kila mara nilikuwa nawalaani wauza mipira ya bushi. Mmoja nilimtukana mbele ya wateja wake.

Basi nikamwita fundi betri alete gari lake, ambalo bushi zake nilizifunga mwaka jana. Tukaliweka juu ya mbao kama ulivyoandika, nikaingia chini na mgongo wangu huu, nikalegeza. Likashuka mbele ya macho yetu. Fundi betri akasema, loo. Mimi nikakaza upya hapo hapo lilipokaa.

Baada ya hapo nikakaa na mama yako tukakumbuka magari madogo yote niliyoyakaza vile miaka hii miwili. Yametimia kumi na moja. Akawapigia simu wenyewe mmoja mmoja, nami nikayalegeza na kuyakaza upya, bila malipo, na mpira uliochanika nikabadilisha. Wiki tano nzima. Kila mmoja aliniuliza kuna nini, nikamwambia nilikosea, na aliyeligundua kosa ni binti yangu. Gari la kwanza neno hilo lilinitoka kwa shida. La nne likawa jepesi. Kufika la kumi na moja, mwenyewe hata hajauliza nimeshaanza kumsimulia, na habari ya matuta kumi na mawili nimemwekea, na mlinzi na serikali. Mama yako anasema nimekuwa kero, nawasimamisha hata wapita njia. Na wasikie! Nina mtoto aliyenisikiliza kila neno, kisha akapima mwenyewe. Ni wangapi wana mtoto kama huyo?

Mwenye saruji alikuja tarehe ishirini na nane na karatasi zake. Nilikuwa chini ya gari la mteja mmoja mfamasia, nikamwambia kutokea hapo hapo kwamba karakana haiuzwi, ina mwenyewe. Akasema lakini mzee tulikubaliana. Nikamwambia simsikii, masikio yangu mabovu. Akaondoka.

Sasa kuna mwalimu mmoja mwenye gari dogo la kijivu, naye ni katika wale kumi na mmoja. Baada ya kusikia habari zako anataka lake lishuke sentimita tatu. Nimemwambia kazi hiyo mimi siiwezi, anayeiweza yuko njiani. Amekubali kusubiri, lakini kila jioni anapita kuuliza, na mimi nimechoka kumjibu. Mwanangu, usimcheleweshe mteja wako.

Baba yako