Kiwanja kiende Kavimvira ao Kalundu

Sabine, usikie hii. Shangazi yangu, Tantine Apollinarie, wamemuaibisha leo mu kikao cha kiwanja cha mupira.

Unajua watu wamegawanyika, wengine wanataka kijengwe Kalundu, wengine Kavimvira, kule ku mupaka wa Burundi. Yeye alisimama akasema tu, "Kavimvira ni karibu na watu wa plaine, wale wa vijiji vya bondeni. Na baba yangu alicheza mupira pale mwaka wa uhuru."

Mwanaume mumoja mwenye alikaa mbele akamukata: "Unataka kiwanja mupakani ili wandugu zako wa Burundi waingie bure. Weye si wa hapa."

Si wa hapa, Sabine. Muntu mwenye alizaliwa Kavimvira. Siku hizi za waasi, mwenye anaitwa mugeni anahesabiwa mwasi; neno kama hilo linaweza kuua muntu.

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Tantine akageuka kumuangalia bwana yake, Antoine. Antoine naye alikuwa anapiga makofi. Polepole, macho chini, lakini anapiga.

Antoine, Sabine.

Tantine akatoka. Nyumbani akasonga bugali, akapakulia watoto, akajipakulia. Antoine akauliza, "Na yangu iko wapi?"

Tantine hakuinua hata kichwa. "Uende ukakule kwa wale wenye ulipigia makofi."