Kisanduku cha Kumi na Mbili

Mdogo wangu Bahati,

Kile kisanduku cha kumi na mbili hakikupotea. Niliwaambia watu kwamba kilianguka njiani siku tuliyokimbia risasi kutoka Nyamitaba, na hakuna aliyeniuliza mara ya pili, kwa sababu siku hiyo kila mtu aliangusha kitu. Ninacho. Kimo ndani ya sanduku langu la bati, chini ya koti la harusi, na ufunguo uko shingoni mwangu hapa ninapokuandikia.

Ninaandika polepole. Kila baada ya mistari michache nageuza karatasi kwa sababu Furaha, binti yako, anapita mlangoni. Ndiye anayenitunza. Ananiita papa mkubwa, yaani kaka wa baba yake, ananiletea uji asubuhi, nami huunusa kabla ya kuunywa. Sijawahi kukuta kitu ndani yake. Ila najua kwamba mimi, kama ningekuwa yeye, ningekitia.

Unakumbuka kile kijito cha maji moto, upande wa Walikale, tulikopita tukienda kununua mawese? Ulikaa kuosha miguu, ukaokota konokono mzito. Ulimgeuza mara mbili tatu, ukanipa kama mtu anayemkabidhi mwalimu daftari. Mimi nilikuwa nimetoka tu Bukavu na diploma yangu ya biolojia na kemia. Nikakueleza jinsi maji yenye chokaa yanavyoyafunika magamba na majani, mwaka hadi mwaka, mpaka mnyama aliyekufa kabla ya babu wa babu zetu anabaki pale amevaa jiwe. Ulisikiliza vizuri, kisha ukaniuliza kama konokono mwenyewe alikuwa na habari. Tulicheka njia nzima. Tulirudi na kumi na wawili, nimewafungia ndani ya majani ya migomba, wewe umebeba mawese na mimi nimebeba mawe, na ulisema kwamba ndiyo faida ya kusoma.

Mwanzoni niliwaweka ndani ya viberiti na makopo ya sardini, nimewalaza juu ya pamba. Panya wakaiba pamba. Ndipo nikaja kwako, kwa sababu wewe ulikuwa na randa na msumeno, na rafu zote za nyumba ya jibini ya kijiji, uliyoitunza wewe, ni mikono yako iliyozitengeneza. Ulifurahi. Ukaniletea mbao zako za zamani, zile zilizokaa miaka chini ya jibini, zikaoshwa na kuanikwa hata zikawa nyepesi kama mfupa. Nikazikataa. Nilisema mawe ya sayansi hayatalala kwenye mbao zinazonuka maziwa. Nilitaka mkaratusi wangu mwenyewe, ule nilioukata wiki ile, kwa ajili ya rangi yake nyekundu.

Uliunusa ubao ule kama unavyonusa jibini. Ukaniambia, ukiniita yaya kama kwetu mdogo anavyomwita kaka mkubwa, "Yaya, hii mubao iko mubichi. Iko na siki ndani. Hata fromaji haiwekwe juu ya mubao ya hivi."

Nikakuambia konokono wangu si jibini. Tena nikataka vifuniko vibane sana, hata kucha isipite, kwa sababu niliwajua watu. Ukataka kutoboa tundu dogo upande mmoja. "Kitu yenye haipumue inachacha, yaya." Nikakuuliza umesomea wapi kwamba jiwe linapumua. Ukajibu: kwa fromaji. Kisha ukafanya nilivyotaka, kwa sababu mimi ni mkubwa.

Vilikuwa visanduku vizuri, Bahati. Vidogo kama kiganja, pembe zimeingiliana bila msumari hata mmoja. Majirani walicheka. Yule mama wa ng'ambo ya bonde alikuwa akiniuliza, kila nikipita, mazishi ya panya ni lini, maana majeneza yameshakuwa tayari. Wengine hawakucheka. Kwetu, mtu mwenye mawe ndani ya kisanduku kilichofungwa anaaminika kuwa na madini ya koltani, na mpaka leo wanakuja vijana wa pikipiki kuomba kuona. Mmoja alikuja mwezi uliopita. Alimpima konokono mkononi, akamrudisha, akanitazama kwa huruma kubwa.

Basi mvua za mwaka ule zikavivimbisha vifuniko, nami nikakuletea visanduku kumi na kimoja uvilainishe. Cha kumi na mbili sikukuletea. Ndimo alimokuwa yule mzuri kuliko wote, mwenye mistari yote kamili mpaka kwenye ncha, na sikumwachia mtu. Ukakaa navyo wiki tatu. Uliponirudishia nikafungua kimoja, nikakuta konokono amekuwa mweupe, amechujuka, mistari imefutika, na chini yake unga. Cha pili vilevile. Vyote kumi na kimoja.

Nilianza kukushuku palepale. Nilikumbuka tupa yako juu ya meza ya kazi. Nilikumbuka weupe ulio chini ya kucha zako. Nilikumbuka kwamba sokoni Kitshanga kulikuwa na mwanamke aliyeuza unga mweupe wa dawa ya tumbo, akisema umetokana na magamba ya kale, na kwamba kila wiki ulikwenda Kitshanga na jibini. Nilikuangalia tu. Nilikuja kwako nikala, nikakuuliza hali ya watoto, huku macho yangu yakizunguka kwenye rafu. Siku moja ulipotoka kukamua nilitia mkono ndani ya mfuko wako wa safari, nikakuta unga, nikauonja. Ulikuwa chumvi. Chumvi ya jibini, ambayo nimekuona ukiishika maisha yako yote. Nikasema moyoni: amechanganya. Hivyo ndivyo shuku inavyokula. Ukiipa chumvi inashiba, ukiinyima inashiba.

Jumapili moja, baada ya ibada, wazee wa kanisa walibaki, pamoja na familia zilizoshirikiana nyumba ya jibini. Nilisimama nikasema kwamba ndugu yangu amewasaga konokono wangu kwa tupa, akauza unga wao. Nilisema kwa Kiswahili cha darasani, taratibu, na visanduku vimepangwa mbele yangu juu ya meza. Wewe hukupiga kelele. Ulivitazama, ukakiinua kimoja ukakinusa, ukakirudisha. Kisha ukaniuliza jambo moja tu.

"Yaya, kile ingine, chenye kiko mu sanduku yako ya bati, kiko je?"

Nikajibu, "Kiko kizima."

Ulinitazama muda mrefu. Nadhani ulikuwa ukinisubiri. Halafu ukatoa ufunguo wa nyumba ya jibini mfukoni, kabla mtu hajakuomba, ukauweka juu ya meza kati ya visanduku, ukatoka. Mzee mmoja alisema kwamba asiye na hatia hatoi ufunguo. Wengine wakaitikia, kwa sababu anayesaga mawe ya ndugu yake atashindwaje kutia maji ndani ya maziwa ya wenzake? Na aliyesema ni mwalimu.

Ulikwenda Walikale na randa yako. Mkeo alibaki, na Furaha tumboni. Ilipofika habari ya homa, kisha habari ya pili, watu wa huko walikuwa wameshakuzika. Sikwenda. Nilisema njia ni mbaya. Ilikuwa mbaya kweli, lakini wachuuzi wa mawese walikuwa wakipita.

Sasa Furaha ni mwalimu hapa Masisi. Anataka konokono waliobaki waonekane shuleni kwake, watoto wawashike, na amewatengenezea visanduku vipya. Amekata maboksi ya dawa ya kituo cha afya, akayakunja, akatia dirisha la plastiki juu, na ubavuni ametoboa matundu kwa sindano. Nilimwuliza matundu ni ya nini. Akasema mama yake alimwambia kwamba baba alikuwa na msemo kuhusu vitu visivyopumua. Alisema bila kuinua macho, akaendelea kutoboa. Tangu siku hiyo silali vizuri. Je, anajua? Ameletwa hapa na huruma, au amekuja kungoja?

Ameandika pia kadi ndogo: hii ni nini, imetoka wapi, nani aliiokota. Ndani ya kisanduku kimoja atauonyesha ubao wa zamani wa mkaratusi, na kadi yake ina nafasi tupu: aliyevitengeneza visanduku vya kwanza. Alinijia nayo na kalamu. Nikamwambia kichwa changu kimechoka, nitakumbuka siku nyingine.

Akanifunika magoti. "Papa mukubwa, haina haraka. Iko siku utakumbuka."

Nimeligeuza neno hilo kama ulivyomgeuza konokono wa kwanza. Sijui kama ni upole au ni kisu. Nimefikia kuamini kwamba sitajua, na kwamba hiyo ndiyo adhabu yangu: mtu aliyemshuku asiyestahili hana tena uwezo wa kumwamini anayestahili.

Kwa hiyo naiacha barua hii wazi, bila gundi. Nimemwomba mchungaji aisome kanisani, baada ya ibada, wazee wakiwa wamebaki. Ufunguo nitauvua shingoni na kuufunga ndani ya karatasi hii. Furaha akifungua sanduku la bati aondoe koti, achukue kisanduku, akiweke shuleni pamoja na vingine kama kilivyo. Asikipanguse. Kwenye kadi aandike jina lako lote. Lala vizuri huko ulikolazwa na watu ambao hawakukujua wakakutendea vyema kuliko mimi. Sikuombi uje kunipokea. Ukisikia nimefika, ukitaka kugeuza uso, geuza.

Lakini kadi haitoshi, kwa maana watu watasema mwalimu alikosea. Naogopa watanisamehe kwa kosa ambalo silo. Mimi niliwafundisha watoto, kila mwaka, kuweka ganda la yai ndani ya siki ili waone linavyolika. Nilijua kemia hiyo wewe ulipokuwa bado hujajua kuandika jina lako. Ungeweza kusema sikuiunganisha na mbao zangu za mkaratusi, na kwa siku kadhaa ni kweli sikuiunganisha.

Siku moja kabla ya ule mkutano, Jumamosi, mchana, nilifungua sanduku la bati ili nimtoe yule konokono mzuri. Nilitaka kumpeleka kanisani, watu wamwone mzima, wapate kulinganisha. Ufunguo haukuwa umetoka shingoni mwangu tangu ulipoleta kisanduku kile, na mkono wako haukuwa umekigusa tena. Nilivuta kifuniko. Harufu ya siki ikanipanda puani. Ndani mlikuwa na unga, mwingi kuliko wa vile kumi na kimoja.

Nikakifunga, nikakirudisha chini ya koti, na Jumapili nikasimama.

Yaya wako